Nani Alisoma Karatasi?

Nikitoka shule nilikuwa na kazi tatu za kila siku: kuteka maji kisimani, kumkatia punda majani, na kutwanga mahindi ya kachupa, pure yetu ya mahindi na maharage ya kila jioni. Mwezi wa Juni, mwaka ambao nchi yetu ya visiwa ilikuwa inajiandaa kutimiza miaka kumi ya uhuru, niliongezewa kazi ya nne. Hiyo ya nne ndiyo iliyoniaibisha, na wala sikusukumiwa na mtu. Niliitaka mwenyewe, kwa kunyoosha mkono juu kuliko wenzangu wote.

Mwalimu Klarisa alikuwa amesimama mbele ya darasa letu pale shuleni Monti Seku, chaki mkononi.

"Tarehe tano Julai, siku yenyewe ya uhuru, shule zote za upande wetu zinakutana mjini Asomada," alisema. "Kila shule itapeleka kikundi cha wasichana wa batuku. Watu wa redio watakuja na mashine yao ya kunasia sauti. Lakini sitaki wimbo wa kuokotaokota. Nataka wimbo wa bonde hili, kutoka kwa mwenyewe, na maneno yake yote yawe yameandikwa daftarini."

Darasa zima liliangua kicheko. Batuku yalikuwa mambo ya bibi zetu, wanawake kukaa duara, kupiga matambara yaliyofungwa furushi na kuimba hadi sauti zikauke. Zamani za Wareno padri aliwakemea kanisani na askari akawafukuza uani. Baba yangu hadi siku hiyo alikuwa akiyaita makelele ya watu wasio na adabu. Sasa ghafla yakawa fahari ya taifa. Watu wazima walikuwa wamegeuka upesi mno, sisi watoto tukabaki tunashangaa.

"Wimbo wa meli wa Nha Venansia!" alipaza sauti Orlanda, rafiki yangu. Nha ndivyo tunavyomwita mwanamke tunayemheshimu, na Nha Venansia aliheshimiwa kwa sababu aliogopwa.

"Vizuri," alisema Mwalimu. "Nha Venansia hajui kusoma wala kuandika. Nani ana mwandiko mzuri wa kumwandikia?"

Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza.

Alasiri ile nilipanda hadi kwake na daftari jipya kwapani. Alikuwa na miaka sitini, lakini miguu yake ungeipa themanini. Nilinyoosha mkono kumwomba baraka, kama ilivyo kwetu mtoto anapomsalimu mkubwa.

"Mungu akubariki," aliitikia. "Wewe ni mtoto wa nani?"

"Nha Venansia, mbona unanijua!"

"Nakujua. Nataka kukusikia ukisema."

"Wa Baltazar Tavares."

"Na Baltazar ni wa nani?"

"Wa marehemu Silvestre."

"Haya, Zulmira wa Baltazar wa Silvestre. Kaa kwenye kigoda hicho." Alinitazama kwa muda. "Unajua kuandika kila kitu?"

"Kila kitu, bibi."

"Hata usichokipenda?"

Nilicheka. "Herufi ni zile zile, bibi."

"Tutaona," alisema.

Nilitazama huku na huku. Nilidhani mtu maarufu kama yeye atakuwa na ngoma kubwa, ya kuonyesha wageni. Nikamuuliza iko wapi.

"Ngoma?" Alivuta kutoka chini ya kitanda furushi la nguo kuukuu lililofungwa kwa kitambaa cheusi, akalibana katikati ya mapaja yake na kulipiga kwa viganja. Sauti ilitoka nzito, ikanigonga kifuani. "Ngoma Wareno walizichukua wakasema ni za shetani. Wakaondoka wakijisifu. Bibi zetu wakatazamana, wakavua shuka za mabegani, wakazikunja, wakaendelea pale pale walipoachia. Utamnyang'anya mwanamke shuka yake barabarani? Padri angeona haya."

Nilimpenda tangu siku hiyo. Nasema hivi ili mjue kwamba sikumfanyia nilichomfanyia kwa chuki.

Kwa siku tisa nilikwenda kwake. Alinikaribisha kuskus ya mahindi na maziwa ya mbuzi, akaimba mstari mmoja, akangoja niandike, akaimba mwingine. Wimbo ulikuwa mrefu, maana ulikuwa na majina ya watu. Mwaka wa arobaini na saba mvua ilikataa kabisa na watu wakafa kama nzige bondeni mwetu. Ndipo ikaja meli ya kuchukua vibarua wa mashamba ya kakao ya kisiwa cha Sao Tome, mbali kusini. Kila aliyepanda alikuwamo wimboni. Isidora kapanda, Kandido kapanda, Mateu na mkewe wamepanda. Isidora alikuwa mama yake Nha Venansia, na Kandido mdogo wake wa kiume.

"Walirudi?" niliuliza.

"Nilirudi mimi. Baada ya miaka kumi na mmoja." Alilipapasa furushi. "Kandido alikufa kwa homa. Mama alianguka shambani na jembe mkononi, wakamzika pale pale, wakapanda kakao juu yake. Hana msalaba, hana jiwe. Jina lake liko mdomoni mwangu tu. Na mimi nikifa je? Ndiyo maana Klarisa aliponiambia mambo ya daftari, nilikubali. Nataka yawe kwenye karatasi, yote, kabla sijafa. Unanisikia, Zulmira?"

"Nakusikia, bibi."

Siku ya tisa alisema umebaki ubeti mmoja wa mwisho. Alijiweka sawa, akapiga furushi kwa nguvu ambazo sikuwahi kumwona nazo.

*Nani alisoma karatasi?*
*Silvestre alisoma karatasi.*
*Mdomoni miaka miwili,*
*kwenye wino mitano.*

Kalamu yangu ilisimama.

"Silvestre yupi?" niliuliza, ingawa moyo ulishajua.

"Yule mmoja. Katika bonde zima ni yeye peke yake aliyejua kusoma, kwa hiyo Wareno walimpa kiti na meza pale gatini. Sisi tulipanga foleni. Alikuwa jirani yetu, alikula kwetu. Mama alimuuliza, 'Silvestre, ni muda gani?' Akaangalia karatasi ya mkataba, akasema, 'Miwili tu, Nha Isidora, mtarudi mkiwa wanene.' Tukaweka vidole gumba. Kule shambani tulipodai kurudi, wakatuonyesha karatasi. Mitano. Na baada ya mitano wakapata sababu nyingine."

Nyumbani kwetu, sebuleni, ilikuwapo picha ya babu Silvestre katika suti nyeupe, kalamu mbili mfukoni. Tulifundishwa kuwa alikuwa karani aliyewasaidia watu kupata kazi wakati wa njaa. Mimi mwenyewe niliambiwa nimerithi mwandiko wake. Kila nilipopata alama nzuri, baba alinisimamisha mbele ya picha ile na kusema, "Damu ya Silvestre hiyo!"

Niliwaza Asomada, uwanja umejaa, na mimi naimba jina lile mbele ya Orlanda, mbele ya baba, kwenye redio ya nchi nzima. Halafu mkono wangu ukaandika, tena kwa mwandiko mzuri sana: *Mreno wa meli alisoma karatasi.*

Nilijitetea moyoni papo hapo. Kwani Wareno si ndio walioileta meli? Nani angelalamika Mreno akiongezewa kosa moja juu ya mengi aliyokuwa nayo?

"Umeandika?" aliuliza Nha Venansia.

"Nimeandika."

"Nisomee."

Nilikodolea daftari macho na kusoma kilichokuwa kichwani, sio kilichokuwa kwenye karatasi: "Nani alisoma karatasi? Silvestre alisoma karatasi." Yeye alifumba macho, midomo ikimcheza.

"Silvestre liko wapi? Nionyeshe."

Niliweka kidole changu chini ya neno Mreno. Aliinama, akaweka kidole gumba chake pale, kizito, chenye ukucha uliopasuka, akakikandamiza kidogo.

"Hapa?"

"Hapo, bibi."

"Ahsante, mwanangu," alisema, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Mungu akubariki."

Niliteremka nikikimbia.

Kutoka kwenye daftari lile Mwalimu Klarisa aliwafundisha wasichana wote. Niliimbisha mimi, wao wakaitikia, na hakuna aliyeshtukia kitu, kwa sababu watoto wa rika letu hawakuwahi kuusikia wimbo hadi mwisho. Wakubwa waliokuwa wakiujua walikuwa wameuacha mstari ule pembeni miaka mingi, kwa kumwonea aibu baba yangu mwenye nyumba ya vigae. Tarehe tano Julai Nha Venansia hakuweza kwenda, miguu ilikuwa imevimba. Badala yake alinipa furushi lake mwenyewe.

"Lipige kwa niaba yangu," alisema. "Mwishoni, pale penye jina, usilihurumie."

Tulishinda. Nililipiga furushi la mwanamke yule hadi viganja vikawa vyekundu, nikaimba uongo wangu kwa sauti nzuri, na watu wakasimama kupiga makofi. Mtu wa redio aliniambia nina koo la dhahabu. Kabla jua halijazama, vijana wa sokoni walikwishaanza kuunakili wimbo kwenye kaseti, na watu wetu wa Ulaya waliokuwa likizo kutoka Lisboni na Roterdamu walizinunua kama mkate.

Jumapili iliyofuata wimbo ulirushwa. Bonde zima lilikusanyika kwenye baraza ya duka la mama yake Orlanda, penye redio kubwa. Nha Venansia aliletwa juu ya punda, akawekewa kiti mbele. Sauti yangu ilipotoka redioni watu walipiga vigelegele. Yeye alikuwa akipiga mapaja taratibu, akitabasamu, na kila jina lilipotajwa aliinamisha kichwa. Isidora. Kandido. Mateu. Mimi nilitamani betri ziishe.

Hazikuisha. *Nani alisoma karatasi?* nilisikika nikiuliza. *Mreno wa meli alisoma karatasi.*

Mikono ya Nha Venansia ilibaki hewani. Wimbo ukamalizika, wakapiga makofi wachache wasiojua.

"Daftari liko wapi?" aliuliza.

Mwalimu Klarisa alilitoa mkobani, uso umemjaa maswali.

"Mpe Zulmira. Zulmira, soma ubeti wa mwisho."

Nililishika. Ningeweza kusoma tena cha kichwani, lakini Orlanda alikuwa ananichungulia begani, na Orlanda alijua kusoma. Nikamsogezea yeye daftari.

"Orlanda, basi, soma wewe."

"Nani alisoma karatasi?" Orlanda alisoma polepole. "Mreno wa meli alisoma karatasi."

"Neno Mreno liko wapi? Kishike kidole changu ukiweke."

Orlanda alikichukua kidole gumba kile na kukiweka palepale nilipokuwa nimekiweka mimi. Nha Venansia alikiacha pale kwa muda mrefu.

"Mwaka wa arobaini na saba," alisema bila kupaza sauti, "Silvestre Tavares alinisomea kisichoandikwa, nikaweka kidole hiki. Leo nimezeeka, nimekuja kusomewa tena kisichoandikwa, nikaweka kidole hiki hiki. Nyumba ni ile ile. Nilidhani sitadanganywa mara mbili. Kumbe mara ile ya kwanza nilikuwa nafundishwa tu."

Nilimsogelea nikilia, nikanyoosha mkono kuomba baraka, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya. Alipita pembeni ya mkono wangu kana kwamba ni tawi la mti limejitokeza njiani, akapandishwa juu ya punda na kwenda zake.

Nyumbani baba alikuwa ameshapata habari. Nilitarajia kipigo. Badala yake alinikalisha na kunimiminia kahawa kama mtu mzima.

"Umefanya vyema," alisema. "Wimbo ule si wimbo, ni matusi. Babu yako alisoma alichoambiwa asome. Sisi nasi tulikuwa na njaa, Zulmira. Mimi nilikuwa na miaka miwili, tumbo kubwa, miguu kama vijiti. Kile kiti ndicho kilichonipa uji."

Sikuwahi kufikiri kwamba babu naye alikuwa na mtoto wa kumlisha. Nilimhurumia baba kweli. Lakini kahawa ile ilikuwa chungu kuliko kipigo, maana alinisifu kwa jambo ambalo lilikuwa likinitafuna, na juu ya kichwa chake suti nyeupe ilikuwa ikinitazama na kalamu zake mbili.

Kesho yake Mwalimu Klarisa alinibakiza darasani.

"Mimi nami nimekosa," alianza. "Ningepaswa kumpelekea daftari na kumsomea mwenyewe. Nilikuamini kwa sababu ya mwandiko. Sasa niambie, kwa nini Mreno?"

"Kwa sababu Wareno walikuwa wabaya, Mwalimu. Nilidhani ni sawa tu."

"Walitutesa, na wimbo unasema hivyo mstari kwa mstari. Hawahitaji msaada wako. Lakini Nha Venansia hakumwamini Mreno wa meli hata siku moja. Alimwamini jirani aliyekula nyumbani kwao, kwa kuwa jirani huyo alijua kusoma na yeye hakujua. Hilo ndilo donda lake, na hilo ndilo ulilolifuta. Umenielewa?"

"Ndiyo."

"Bado. Sikiliza. Babu yako hukumchagua, na dhambi yake si yako. Hakuna mtu wa bonde hili aliyekudai hiyo. Lakini siku ile ulikuwa na karatasi mkononi na mtu asiyejua kusoma mbele yako, na hapo hapakuwa na Silvestre wala Mreno. Ulikuwa wewe. Anayekupa kazi ya kumsomea amekukabidhi macho yake, Zulmira, na wewe uliyatia vumbi."

Nililia hadi kola ya sare ikalowa. Hakunibembeleza. Aliniacha nimalize, ndipo akaniuliza nitafanya nini.

"Nitaandika upya."

"Hiyo ni ya daftari. Na waliosikia kwa masikio?"

Kwa hiyo Jumapili iliyofuata, watu walipotoka misani, nilisimama uani mwa kanisa, palepale bibi zetu walipokuwa wakifukuzwa. Mwalimu alikuwa amewaomba wanawake wa batuku waje, wakaja saba, wakakaa duara na mafurushi yao. La Nha Venansia lilikuwa mbele ya kiti kitupu, maana hakuna aliyejua kama atakuja. Baba alisimama nyuma kabisa, kofia kichwani.

Nilikuwa nimeshaanza majina nilipomwona Nha Venansia akija njiani, akiegemea fimbo, Orlanda amemshika mkono. Alikaa kitini pake. Hakulichukua furushi. Aliniangalia tu.

Ule mstari ukafika.

"Nani alisoma karatasi?" niliimba.

Wanawake walipaswa kurudia swali. Walipunguza mapigo, mmoja akanyamaza, wa pili akanyamaza, kila mmoja akiiba jicho kumtazama baba. Walikuwa wanangoja kuona kama nitathubutu. Nilimtazama baba pia, nikaimba:

"Silvestre alisoma karatasi. Silvestre Tavares, babu yangu. Mdomoni miaka miwili, kwenye wino mitano."

Hilo la babu yangu halikuwamo wimboni. Lilitoka lenyewe.

Baba aliishusha kofia hadi machoni, akageuka, akaondoka. Kisha nikasikia pigo moja, zito, likanigonga kifuani. Nha Venansia alikuwa amelibana furushi. Alipiga la pili, la tatu, wenzake wakamfuata, na tukaurudia mstari ule mara tano, sita, hata watoto wadogo wakaushika.

Tulipomaliza nilimwendea. Nilinyoosha mkono.

"Umekosea sauti mahali pawili," alisema. "Kesho uje na daftari. Na huyu Orlanda aje."

Baraka hakunipa. Nilikwenda kesho yake, na siku zilizofuata, na wimbo wote ukaandikwa upya kwenye daftari lingine. Kila nilipomaliza ukurasa, Nha Venansia alilichukua kutoka mikononi mwangu na kumpa Orlanda asome, nami nikiwa nimekaa pale pale nikitazama sakafu. Sikuwahi kuona aibu ndefu namna ile. Alipofika mwisho na kusikia jina la Silvestre kutoka mdomo wa mwingine, aliweka kidole gumba, akalifunga daftari, akanishika mkono bila mimi kuunyoosha.

"Mungu akubariki," alisema, kwa sauti ya mtu aliyechoka. Alifariki mwaka uliofuata, kabla ya mvua.

Baba hakuiondoa picha, na hakunisimamisha tena mbele yake. Daftari liko shuleni Monti Seku hadi leo, nami ndiye ninayelitunza, kwa kuwa nilikuja kuwa mwalimu pale. Mwalimu Klarisa alipeleka barua redioni, na sahihisho likasomwa asubuhi moja, wakati watu wako mashambani. Lakini kaseti zilikuwa zimeshavuka bahari, na barua ya Mwalimu haikujua pa kuzifuata.

Miaka mingi baadaye nilikwenda Lisboni kwa dada yangu, kwenye ubatizo. Baada ya chakula wasichana watatu, watoto wa majirani, waliozaliwa huko huko na ambao hawajawahi kuona kisima cha kwetu, walikaa duara na mafurushi yao. Mkubwa wao alianza kuimba. Isidora kapanda. Kandido kapanda. Nilifurahi hadi machozi. Kisha wakafika mwisho, na Mreno wa meli akasoma karatasi.

"Nani kawafundisha hivyo?" niliwauliza.

"Kaseti ya bibi yetu," alijibu mkubwa. "Yule msichana kwenye kaseti ana sauti tamu, shangazi! Wewe unamjua?"

"Ninamjua. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na hapo mwishoni alidanganya. Maneno sahihi ni Silvestre alisoma karatasi."

Walitazamana. Mdogo wao alikunja uso. "Lakini sisi tumezoea hivi. Kila mtu anaimba hivi."

"Najua," nilisema. "Ndiyo adhabu yangu hiyo. Uongo wangu niliouandika kwa dakika moja nimekuwa nikiukimbiza maisha yangu yote, na bado umenitangulia kufika huku. Ninyi mnajua kusoma. Mkipewa maneno ya mtu myaandike kama alivyoyasema, hata yakiwa yanawauma."

Mkubwa alilibana furushi, lakini hakupiga. "Huyo Silvestre ni nani?"

"Babu yangu," nilimjibu. "Haya, imba tena."